Simba wa Bi Somoe

Nalasi, Tunduru
Mwezi wa tano, mahindi yakiwa yanakauka

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee barua hii kwa mikono miwili, maana imetoka mbali na barabara yenyewe unaijua. Mimi nakula, nalala, nafanya kazi, na ule mguu ulionisumbua umepona. Wewe je, kifua kimetulia? Ile mvua ya mwisho haikulaza mahindi ya bondeni? Na paa la jiko, Batho ameshaligusa, au bado anasema wiki ijayo? Namjua mdogo wangu. Wiki yake ijayo haijawahi kufika tangu tukiwa watoto.

Skola, wewe unayemsomea Mama, soma taratibu na usiruke mstari hata mmoja. Pa kuogopesha usipapunguze, na pa kuchekesha mwache Mama acheke kwanza ndipo uendelee. Namjua mdomo wako, unapenda kufika mwisho kabla ya wenzako.

Mama, naandika kwa sababu ya ile simu. Ulisikia kwamba simba ameingia kwangu, ukanipigia, nami nikapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Ukalia, ukasema, "Thadei, rudi nyumbani, Mpitimbi hakuna simba," kisha simu ikakatika. Tangu hapo umenitumia ujumbe kwa Batho, kwa katekista, na hata kwa yule dereva wa lori la mahindi, aliyenisimamisha njiani na kuniambia mbele za watu kwamba mama yangu ananitaka. Nimezipata jumbe zote. Jibu langu ni kwamba siji sasa. Usikasirike kabla hujasikia sababu, na sababu yenyewe siwezi kuieleza kwa simu, maana ukianza kulia mimi nasahau nilichotaka kusema.

Sababu ni jirani yangu, Bi Somoe. Nikiondoka mimi sasa hivi, wataniona nimemkimbia yeye, siyo simba. Na hapo ndipo watakapomfukuza.

Nilikueleza nilipokuja huku kujenga madarasa kwamba nilipewa kieneo cha kulima pembeni ya kijiji. Sikukueleza kwa nini pembeni. Ni kwa sababu ya nguruwe wangu. Huku majirani ni Waislamu, watu wema kabisa, lakini nguruwe hawawezi kumweka katikati ya nyumba zao, na mimi nisingewalazimisha. Basi nikajenga kibanda changu mwisho wa mashamba, jirani na Bi Somoe. Yeye ni mjane, mzee kuliko wewe, anaishi peke yake na mikorosho aliyoachiwa na mumewe. Kaburi la mumewe lipo hapo hapo nyuma ya nyumba. Mwanawe wa pekee yuko Nakapanya, anauza vitu barabarani, na amemwita mara nyingi akakae naye. Bi Somoe humjibu kwamba kaburi halibebwi mgongoni.

Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza akajua nimetokea wapi. "Kumbe Mngoni!" akasema. "Babu zenu walikula mbuzi wa babu zangu wakamaliza. Sasa umekuja kufuata kwato?" Nikamjibu kwamba nimekuja kufuata wajukuu zao walionona. Akacheka mpaka akashika mlango. Wewe unajua sisi na Wayao ni watani. Wazee walipigana, wakachoka, na vita vikabaki mdomoni tu. Tangu siku ile hatukusalimiana kama watu wenye adabu. Akinikuta nalima anauliza kama jembe nimeliiba. Nguruwe wangu alimwita mbuzi katoliki, na kila Ijumaa alipita mbali na banda akiziba pua kwa khanga, akisema, "Mwambie mbuzi wako wa parokia asinisalimie, mimi nina udhu." Na jioni hiyo hiyo ananiletea kisamvu. Mama, nilikuwa na mama wa pili huku, na ndiyo maana sikukonda.

Sasa sikia lilivyoanza. Mwezi uliopita nguruwe pori walianza kuingia mashambani, wakitafuna mahindi mabichi na kufukua mihogo. Baada yao zikaonekana nyayo za mwenyewe. Huku hawamtaji jina siku kama hizo. Wazee wanasema yule bwana, wengine wanasema lisimba kwa Kiyao, kwa sauti ya chini. Mimi mwanzoni nilidhani ni woga tu. Halafu nikajua kwamba kuna nyumba nyingi hapa ambazo zamani zilipoteza mtu. Jirani yangu mwingine, Saidi, mtu wa makamo mwenye watoto watano, mama yake alichukuliwa na simba akiwa shambani, na yeye Saidi alikuwa mtoto mdogo aliyekaa kivulini akimsubiri. Hilo halizungumzii. Niliambiwa na mkewe.

Asubuhi moja tulikuwa wengi kwenye bomba la maji, na habari ilikuwa ni nyayo tu. Nikaona Bi Somoe anafika na ndoo yake, nikamtania: "Mtani, wewe unalala peke yako kule mwisho, huogopi?" Akatua ndoo, akaweka mikono kiunoni, akajibu kwa sauti ya bomba zima kusikia, "Niogope nini? Yule ni wangu. Nimeshamwelekeza kwako. Nimemwambia hapo jirani kuna Mngoni mnono, na kama Mngoni ni mgumu, basi aanze na mbuzi katoliki."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikamwambia amwelekeze vizuri asipotee njia.

Baada ya siku mbili nguruwe wangu akaliwa.

Nilisikia kelele moja tu, kisha kimya. Sikutoka, Mama, kwa hiyo usinigombeze. Nilikaa ndani nimeegemeza meza mlangoni mpaka pakapambazuka. Kulipokucha vizuri nikachungulia dirishani, nikamwona. Alikuwa jike, upande wa pili wa shamba, anaelekea kwenye matete. Mimi nilimtarajia yule wa kwenye hadithi zako na wa kwenye noti. Huyu mbavu zilihesabika, ngozi imelegea tumboni, na mguu mmoja wa mbele aliukanyagia kwa uangalifu, kama mgonjwa anayetoka hospitali akikataa kushikwa mkono. Alisimama akageuka kuangalia nyumba yangu. Niliogopa, ila nitakwambia ukweli, nilimhurumia pia. Kisha akaingia kwenye matete. Bandani hapakubaki kitu ila damu na kamba.

Hiyo ndiyo habari uliyoisikia. Sasa nakupa ile usiyoisikia. Kabla ya adhuhuri kijiji chote kilikuwa kinasema kwamba Bi Somoe alitangaza kwa mdomo wake mwenyewe, na kweli ikawa. Hata waliocheka bombani siku ile walisahau kwamba walicheka. Wakaanza kuuliza kwa nini simba amepita nyumbani kwake mara zote bila kumgusa. Huku, Mama, ipo imani kwamba kuna simba wa mwituni na kuna simba wa kutengenezwa, anayetumwa na mtu. Usicheke, maana na sisi tumekulia nayo. Umesahau hadithi yako ya yule simba aliyekuja kuposa amevaa viatu vya kuficha makucha, akakataa kuvivua hata ukweni, na aliyemgundua ni bibi kizee ambaye hakuna aliyemsikiliza? Nimeifikiria sana hadithi ile siku hizi. Kwako bibi kizee ndiye aliyemtambua simba. Huku bibi kizee ndiye aliyeitwa mwenye simba.

Alikuja askari wa wanyamapori, mama mmoja mpole mwenye bunduki begani, akapima nyayo na kutueleza. Akasema simba huyu ni mzee, ameumia mguu, hawezi tena kukimbiza swala, kwa hiyo anafuata nguruwe pori, na nguruwe pori wanafuata mahindi. Amefika kwangu kwa sababu nilikuwa na nguruwe nje. Watu wakamsikiliza, wakaitikia ndiyo afande, wakamshukuru. Kisha mzee mmoja akauliza kwa heshima, "Na huyo mzee mwenzake, kwa nini hakumgusa?" Afande akatazama uwanja wa Bi Somoe. Akasema, "Hana mbuzi, hana nguruwe, hana mbwa. Simba aje kufuata nini hapa?" Mama, niliona aibu. Tumekaa tukitafuta uchawi wake, na alichokuwa nacho ni umaskini tu.

Lakini woga haukatiki kwa maelezo. Afande aliondoka kufuata nyayo kuelekea mtoni, na woga ukabaki. Bi Somoe alipofika bombani wanawake wakanyamaza na kumpisha, kumpisha kule kwa mtu mwenye ugonjwa. Siku iliyofuata hakwenda. Nikamchotea maji mimi, nikayaweka mlangoni, nikamtania kwamba sasa amepata mtumwa wa Kingoni. Nikamwita tena, "Mtani!" Akaniambia kutoka ndani, "Thadei, baba, nenda. Mdomo wangu umenichosha." Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku hiyo, na ningependelea anitukane.

Ijumaa baada ya swala mwenyekiti wa kitongoji akaita mkutano kwenye darasa nililolijenga mimi, lisilo na madirisha bado. Saidi ndiye aliyesimama kwanza. Alisema hataki mtu adhuriwe. Anataka tu ama Bi Somoe aende Nakapanya kwa mwanawe, ama aletwe mganga amnyoe nywele mbele ya watu na kumtoa dawa, ili watoto waende shule bila kusindikizwa. Hakuwa na ukali. Hilo la watoto alilirudia mara mbili, na mimi nikajua anamwona nani akilini. Siwezi kumchukia Saidi, Mama. Bi Somoe alikuwa amekaa chini karibu na mlango, khanga imefunika nusu ya uso, akitazama vidole vya miguu yake.

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, aliyeliwa ni wako. Na aliyeambiwa maneno ni wewe. Unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza habari ya afande tena. Niliposimama nikaona hawataki maelezo. Wote walikuwa wananitazama kama mtu aliyefiwa, na aliyefiwa akisema ni uchawi, umekuwa uchawi. Basi nikajiuliza huko kwetu mtani akinitendea hivi ningefanya nini.

Nikasema, "Ni kweli, maneno aliniambia mimi. Na mimi ni nani kwake? Mimi ni mtani wake. Mtani akikosea haendi kwa mganga, wala hapelekwi Nakapanya. Mtani analipa! Huyu bibi amenipotezea mbuzi wangu wa parokia, nami leo nataka kuku wake. Na nitamla kwake, apike yeye, kwa mikono yake hiyo hiyo. Mwenyekiti, niruhusu nikakamate mali yangu."

Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Hiyo ndiyo haki ya mtani," na mwingine akaguna kukubali. Maana, Mama, mtu anayeogopewa kwa uchawi hakuna anayekula chakula chake. Hata maji yake hayanywewi. Walielewa nilichokisema. Hawakuwa na uhakika kama nitathubutu, kwa hiyo wakanifuata kuona.

Bi Somoe alikuwa na kuku mmoja tu, tetea mwekundu mjanja kuliko Batho siku ya kulima. Nilimkimbiza kuzunguka nyumba mara kadhaa, nikaanguka kwenye majivu, watoto wakashangilia, na angalau watu wakapata cha kucheka. Nilipomkamata ndipo nikakumbuka jambo. Mimi ni Mkristo. Nikimchinja mimi, mwenye nyumba hawezi kula, wala Mwislamu yeyote pale. Nikatazama huku na huku na kuku mkononi. Aliyekuwa karibu yangu na kisu kiunoni alikuwa Saidi.

Sikupanga, Mama, nakuapia. Nikamnyooshea kuku. "Jirani, nichinjie."

Saidi akarudi nyuma hatua. Akamtazama kuku, akamtazama Bi Somoe. Mwislamu akiombwa kuchinja hakatai bila sababu, na sababu yake asingeweza kuitamka pale uwanjani mwa bibi mwenyewe. Mwishoni akachomoa kisu, akaelekeza kuku kibla, akasema Bismillahi, Allahu Akbar, akachinja. Mkono wake ulitulia kuliko nilivyotegemea.

Bi Somoe akaingia jikoni. Tukakaa. Wengine wakaondoka, wengi wakabaki, wamesimama mbali kidogo kama watu wanaosubiri gari. Moshi ukatoka, harufu ikatoka, nami tumbo likanguruma mbele za watu. Alipoleta ugali na mchuzi akauweka mbele yangu peke yangu, maana hakutarajia mwingine. Nikanawa, nikafanya ishara ya msalaba, nikala. Nilikula kwa haraka, nikalamba vidole, na kila jicho lilikuwa kooni mwangu. Wewe ulinifundisha kutokula kwa pupa ugenini. Siku hiyo nilikuasi.

Ndipo Bi Somoe akatoka tena na kisahani kidogo. Ndani yake kulikuwa na firigisi. Huku kama kwetu, firigisi haipewi mtu hivi hivi. Akavuka uwanja mpaka alipokuwa Saidi, akapiga goti moja kwa shida, akamwekea mbele. "Aliyechinja asiondoke hivi hivi," akasema.

Saidi akaitazama ile firigisi. Mkewe alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Nilifikiri atainuka aende zake, na angeinuka, kazi yangu yote ingekuwa bure. Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetafuta sababu ya kukataa, "Bibi, umetia chumvi?"

Na Bi Somoe, aliyekuwa hajatania tangu simba alipokuja, akamjibu, "Chumvi imekolea, mjukuu wangu. Sumu ndiyo iliyoniishia."

Mimi mwenyewe nilisema moyoni, bibi, mdomo wako utakuua. Saidi akamkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka. Akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukatika, ikawa siyo kicheko tena. Akalia mbele ya watu, mwanamume mzima. Bi Somoe akakaa chini pale pale vumbini kando yake, akamshika kisogo, akasema, "Mama yako alikuwa rafiki yangu. Siku ile tulikuwa tumeahidiana twende shamba pamoja, mimi nikaumwa. Unadhani huyo mnyama mimi namtuma?" Hilo kijiji kilikuwa hakijui, na sijui kwa nini alilikalia miaka yote.

Saidi akala firigisi. Mkewe akaja akamega ugali kwenye sahani yangu bila kuniomba, akampa na mtoto.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Wapo ambao bado hawapiti karibu na nyumba yake. Simba hajaonekana tena. Afande alisema nyayo zimevuka kuelekea upande wa pili wa mto, na kwa mguu ule sijui kama atafika mbali. Bado tunatembea kwa makundi kwenda shambani. Lakini asubuhi iliyofuata ule mlo niliamshwa na sauti ya panga, nikatoka, nikamkuta Saidi anakata miti ya kuzungushia nyumba ya Bi Somoe wigo mpya. Nikachukua upande wangu nikaanza kuchimba mashimo. Tumemaliza juzi. Bibi anasema wigo umepinda upande wa Mngoni.

Sasa umeelewa kwa nini siji. Yule anayesemwa kuwa alitumiwa simba ni mimi. Siku watakaponiona nafunga mizigo, watasema hata Thadei ameshindwa, na maneno yatarudi bombani. Acha nikae mpaka wasahau kabisa, mahindi yaingie ghalani, na madirisha ya darasa nimalize. Krismasi nitakuwa kwenye meza yako, na nguruwe tutachinja wa Mpitimbi, aliko salama.

Nisalimie Batho na mwambie paa halijengwi kwa ahadi. Msalimie mjomba mkubwa wa kule mlimani, na shangazi anayeniombea rozari kila jioni, mwambie imefanya kazi ila aongeze na jirani zangu. Skola, salamu zako nimezitia ndani ya kisamvu, uje uzile mwenyewe. Yule mpwa wangu mchanga nibebeeni mpaka nije.

Kitu kimoja cha mwisho, Mama. Dereva anayekuletea barua hii ana kifurushi cha korosho. Ni za msimu uliopita, kutoka kwenye mikorosho ya Bi Somoe, na amezikaanga yeye mwenyewe, amezifunga kwenye kitambaa cha khanga yake. Nilipomwambia ninakuandikia, akafikiri kidogo, akasema nikupelekee maneno haya kama yalivyo: "Mwambie mama yako nafuga wawili, simba na huyu mwanawe wa Kingoni. Simba amekwenda zake. Huyu mwingine ndiye anayenimalizia ugali."

Kisha akanishika mkono, akaniuliza taratibu kama kweli utazila.

Nimemwambia utazila. Mama, mwite na mama wa jirani, kaeni pale nje watu wawaone, mzile.

Mwanao akupendaye,
Thadei